Kupanda Amani kwa baiskeli kutoka Tanga: gia, mzigo na breki za mteremko

Anayepanga kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kwa baiskeli kwanza huogopa mlima. Mlima utaupanda, ukishindwa utashuka na kusukuma. Hatari yenyewe iko kwenye kurudi: mteremko wa udongo mwekundu, kona zisizoonyesha mbele, na breki iliyokwisha njiani. Baiskeli ya safari hii iandae kwa ajili ya kushuka, na kupanda kutakuwa kazi ya uvumilivu tu.

Njia ni hii. Tanga hadi Muheza kupitia Pongwe ni lami, chini ya kilomita 40, na mabasi yanakimbia. Muheza unaacha barabara kuu na kuelekea Kisiwani, kisha lango la hifadhi la Sigi (wengine huandika Zigi), takriban kilomita 25 kutoka Muheza. Sigi iko kwenye mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari, Amani iko karibu mita 900, na katikati yake pana kilomita kama 8 za kona msituni. Wastani wake ni kupanda mita 5 hadi 6 kwa kila mita 100, ingawa ziko kona kali zaidi ya hapo. Utapita kwenye lami, kifusi na udongo mtupu.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Masika ya Machi hadi Mei acha kabisa. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inategemea wiki. Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kusafiri. Hata hivyo milima hii inapokea upepo wa bahari moja kwa moja, na Amani hunyesha hata Tanga kukiwa kukavu, kwa hiyo koti la mvua lisibaki nyumbani.

Hatua ya 2: Gia

Kwa baiskeli ya gia, tafuta gia ndogo ya mbele yenye meno 22 au 24 na ya nyuma kubwa yenye meno 32 au 34. Kwa meno 24 mbele na 34 nyuma, kwenye gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedeli unasogeza baiskeli kama mita 1.5. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5 hivi kwa saa. Ni polepole, lakini magoti yanapona na pumzi inatosha.

Baiskeli ya kawaida isiyo na gia mara nyingi ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja ni zaidi ya mita 5, na kwa mlima huo hakuna goti litakalovumilia. Mwambie fundi akufungie frewili (gia ya nyuma) ya meno 20 au 22. Ukiongeza meno manne nyuma, cheni nayo inahitaji kuongezwa pingili mbili, vinginevyo gurudumu halitakaa vizuri kwenye fremu. Hata hivyo utasukuma sehemu kubwa kati ya Sigi na Amani. Panga saa tatu kwa kipande hicho, usijidanganye na saa moja.

Cheni pima kwa rula. Pini hadi pini, pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307 imechoka, na itaruka meno pale unapokanyaga kwa nguvu zote.

Hatua ya 3: Breki

Hapa usibane pesa. Mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 15 na mzigo wa kilo 12, wakishuka mita 450, wanatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Ukishuka polepole huku umebana breki muda wote, karibu joto lote hilo linaingia kwenye raba za breki na rimu. Rimu ikipata moto sana, upepo ndani ya tyubu unatanuka na tyubu inaweza kupasuka ukiwa katikati ya kona.

Funga raba mpya za breki mbele na nyuma kabla ya kuondoka, na beba jozi moja ya akiba. Raba iguse rimu tu. Ikigusa tairi itaikata ubavu, na ikikaa chini sana itateleza na kuingia kwenye spoku. Acha nafasi ya milimita 2 kila upande. Kagua waya wa breki pale unapoingia kwenye mkono wa breki: uzi mmoja tu ukikatika, badilisha waya wote. Kwa breki za baiskeli za zamani, zinazovutwa na vyuma badala ya waya, kaza kila nati ya viungo, kwa sababu barabara ya mawe inazilegeza ndani ya saa chache, na rimu ikilowa breki hizo hushika kwa kuchelewa.

Hatua ya 4: Tairi na madigadi

Tairi ya upana wa inchi 2 inafaa. Kwenye lami jaza upepo psi 50 (kipimo cha msukumo wa upepo). Ukifika kwenye udongo punguza hadi 40 nyuma na 35 mbele, tairi itashika njia na mikono itapumzika. Usishuke chini ya hapo ukiwa na mzigo, maana jiwe litabana tyubu kwenye rimu na kutoboa matundu mawili kwa mpigo.

Udongo mwekundu ukilowa unaganda kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kama nafasi ya hapo haifiki unene wa kidole, ng'oa madigadi ya mbele kabla ya safari.

Hatua ya 5: Mzigo

Kilo 10 hadi 12 zinatosha. Gawa kwenye mifuko miwili, ikae chini pande zote mbili za keria, vizito vikiwa karibu na ekseli. Mzigo uliorundikwa juu ya keria huyumbisha baiskeli kwenye kona. Tanga kamba ya mkonge ni rahisi kupata, lakini kwa kazi hii haifai: ikilowa inajivuta, ikikauka inalegea. Tumia mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu.

Chukua tyubu moja nzima, viraka na solusheni, pampu, spana za kuenea nati zako, waya mmoja wa breki, spoku mbili za urefu wa gurudumu lako, na nati za keria. Maji lita 3 kwa mtu. Ya mtoni yachemshe au yatie dawa.

Hatua ya 6: Siku ya kupanda

Toka Tanga saa 11 alfajiri ili lami uimalize kabla ya joto na mabasi, na uvae kitu chenye rangi ya kung'aa. Muheza kunywa chai nzito kwa chapati na maharage. Machungwa yakiwa msimu wake, weka manne au matano mfukoni.

Ukiulizia njia, salamu kwanza. Mzee mpe shikamoo yake. Halafu usiulize kama ni mbali, utajibiwa "hapo tu". Uliza: "Gari la Amani limepita leo?" Kama limepita, na wewe utapita. Kama halijapita tangu jana, uliza limekwama wapi.

Sigi ndilo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Lipa ada, chukua risiti, uliza nafasi ya kulala. Ukifika baada ya saa 9 alasiri lala hapohapo, upande asubuhi: chini ya miti ile mikubwa giza linaingia mapema.

Hatua ya 7: Kushuka

Kabla ya kuanza, zungusha kila gurudumu na ubane breki, kisha sukuma baiskeli mbele huku umebana: isisogee. Shuka ukiwa umekaa nyuma kidogo, pedeli ziwe sawa kwa kimo. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, bana tena ukitoka. Kubana kidogo kidogo mfululizo ndiko kunakochemsha rimu. Kwenye udongo uliolowa tegemea zaidi breki ya nyuma, kwa kuwa gurudumu la mbele likiteleza hutawahi kuliokoa.

Kila kilomita mbili simama. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ukisikia joto, subiri dakika 10. Usimwagie maji. Ukiwa umesimama, futa raba kwa kitambaa na chomoa vijiwe vilivyonasa, maana hivyo ndivyo vinavyokwangua rimu na kutoa ule mlio wa kusaga.

Kaa kushoto na piga kengele kila kona. Malori ya chai hutokea ghafla, na dereva anayepanda hatarajii baiskeli. Ukilisikia lori, simama ukingoni lipite.

Ukifika Kisiwani pima raba. Kama mifereji yake imefutika, badilisha hapohapo, usingoje Muheza.