Kupunguza kitambi: raba kwanza, sahani baadaye

Anza na raba. Ukitembea na kandambili zitakuchubua, na wiki ya pili utaacha. Mimi hupita Daraja la Tanzanite asubuhi, kabla jua la Dar halijawa kali: daraja lenyewe ni kilomita moja hivi, kwenda na kurudi mbili, na upepo wa bahari ni wa bure. Mwendo uwe wa kukuruhusu kuongea lakini si kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki; nusu saa siku tano inatosha.

Ugali sijauacha, na asikudanganye mtu. Nusu ya sahani jaza mchicha au matembele, robo ugali, robo maharage au samaki wa kuchemsha. Mboga ziungwe kwa kitunguu na nyanya, mafuta kijiko kimoja tu. Hapa ndipo wengi wetu humimina bila kupima. Soda acha kabisa. Sukari ya chai punguza kidogokidogo, ulimi utazoea. Chipsi mayai? Jumamosi, na siombi radhi.

Anayetumia dawa za kisukari amuone daktari kwanza, sukari isije ikamshukia njiani.