Antena ya kujitengenezea isiliwe na chumvi: kwa wanaokaa pwani

Kama unakaa Tanga, Pemba, Lamu au popote unaposikia upepo wa bahari, antena yako ya waya ya kunasa FM itakuwa poa miezi ya mwanzo, halafu stesheni zinaanza kukwaruza na watu wanakimbilia kulaumu redio. Redio haina shida jamani, nenda kaangalie kiungo pale juu.

Nachukulia mfano ile ya kawaida kabisa, vipande viwili vya waya wa kopa, kila kimoja kama sentimita 73 (hiyo ni kwa megahezi 98 hivi), na katikati umeunga waya wa dishi wa kushuka chini. Kopa ikibadilika rangi kuwa nyeusi au kijani huko nje isikutie presha, mawimbi yanapita tu. Ugonjwa uko pale nyaya zinapokutana, chumvi ikiingia katikati ya chuma na chuma mawasiliano yanakufa kidogo kidogo. Kwa hiyo hela yako na muda wako weka pale.

Piga msasa mpaka kopa ing'ae, zungushia waya vizuri ushikane wenyewe kwanza, ndo uchome risasi (ile ya kulehemu nyaya, solda). Kusokota peke yake pwani hakudumu. Kama mikono ya antena ni bomba za alumini, usigusishe kopa moja kwa moja na alumini, zikipata maji ya chumvi alumini inaliwa haraka sana, weka washa ya stenlesi katikati, na bolti na nati ziwe stenlesi pia, halafu pakaa grisi juu ya kiungo. Na hakikisha kopa iko chini ya alumini, maana maji ya mvua yakitoka kwenye kopa yakidondokea alumini yanaitoboa.

Sasa mdomo wa waya wa dishi, hapa naomba unisikilize kwa makini. Ukiuacha wazi maji yanafyonzwa na zile nyuzi za wavu zilizo chini ya ganda yanashuka ndani kwa ndani mita na mita, na hakuna cha kuanika juani yakauke, hautakauka. Chuna ganda uangalie, nyuzi zikiwa nyeusi kata, sogea mbele, kata tena mpaka ukute zinazong'aa, zikiwa nyeusi mpaka mwisho nunua mwingine. Nunua wenye ganda jeusi, ule mweupe ni wa ndani ya nyumba, jua linaupasua.

Kuziba: silikoni inayotoa harufu ya siki usiitumie kwenye kopa, ile ni asidi na inakula kiungo ukiwa umekifunika mwenyewe, tafuta isiyo na hiyo harufu. Tepu nyeusi ya umeme peke yake nayo haitoshi, gundi yake inayeyuka kwa joto inafunguka. Mi napenda kukata ukanda wa tyubu ya baiskeli, unauvuta kwa nguvu unazungushia kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie ule wa chini yake kama makuti yanavyopangwa, maji yateremke nje yasiingie. Juu yake ndo tepu, juu ya tepu rangi ya mafuta, kwa sababu mpira nao jua linaupasua.

Ukifunika kiungo kwa kopo la plastiki, toboa katundu kadogo kwa chini. Najua inashangaza, ila unyevu utaingia tu hata uzibe vipi, ukikosa pa kutokea unabaki unakula chuma. Na waya unapokaribia dirisha uache uning'inie chini ya dirisha kwanza ndo upande kuingia, maji yadondokee pale kwenye kona, la sivyo yataufuata mpaka kwenye redio.

Masika mvua inakuoshea antena bure. Kaskazi ndo kipindi kibaya, mvua hakuna, chumvi inajirundika, usiku umande ukishuka ule utando unakuwa njia ya umeme kwenye vile vishikizo vya plastiki vinavyoshika waya wa antena. Mwagia maji baridi ya bomba au ya mvua uliyokinga, yasiwe ya kisima chenye chumvi, mara moja moja kipindi hicho. Kagua na kamba za manila zinazoshikilia antena pia, zikianza kutoa unga ukizisugua kwa kidole badilisha kabla upepo wa kusi haujaanza. Mlingoti usiwe karibu na nyaya za umeme, na mawingu ya radi ukiyaona yakiwa bado mbali chomoa waya kwenye redio utupe ncha nje ya dirisha, radi ikishafika usiuguse tena.