SOMO: Hesabu za bei ya mchanganyiko, maliza hapa

Wakuu, hili swali linarudi kila siku na jibu ni lilelile, so naliweka hapa, mtu akiuliza tena mleteni huku.

Mfano: aina A ni 500 kwa kilo, B ni 800. Unataka kilo 30 za mchanganyiko wa 600 kwa kilo. Kila aina uweke kilo ngapi?

1. Kilo za A ziite x.

2. Za B ni 30 − x.

3. Hapa ndo wengi wanaangukia. Mtu anajumlisha 500 na 800, anagawa kwa mbili, anapata 650 anaganda. Hiyo 650 ni kweli pale tu kilo za A na B zikilingana, vinginevyo hapana. Kinachojumlishwa ni hela, yaani bei mara kilo za kila aina, ndo ugawe kwa kilo zote. Kwa hiyo:

500x + 800(30 − x) = 600 × 30

ANGALIENI mabano, 800 inazidisha 30 na x pia, na kulia usiache 600 peke yake maana kushoto ni hela yote, kulia nako iwe hela yote.

4. 24,000 − 300x = 18,000, x = 20. A kilo 20, B kilo 10.

5. Hakiki: 10,000 + 8,000 = 18,000. Sawa.

MASWALI

– Mkuu mbona mi napata 650?

Soma namba 3.

– Nimesoma, bado 650.

Kilo 20 na kilo 10 zinalingana? Rudi usome.

– Kuna njia ya mkato ya mtihani?

Ipo, na ni tamu. 600 imeizidi 500 kwa 100, imepungukiwa na 800 kwa 200. Zigeuze: A 200, B 100, uwiano 2:1. Zinageuzwa kwa sababu bei iliyo karibu na 600 ndo inabeba kilo nyingi.

– Langu linasema anauza 750 kwa faida ya 25%.

Tafuta gharama kwanza: 750 ÷ 1.25 = 600, halafu endelea kama juu. Usitoe 25% ya 750, faida inapigwa kwenye gharama.

– Naongezea wakuu, hata myeyusho ni hivyohivyo. Wa 10% na wa 40% upate wa 20%, uwiano 2:1.

Safi kabisa, asilimia inakaa pale pa bei.

– Aina zikiwa tatu?

Swali zuri sana hili. Utakuwa na milinganyo miwili, wa kilo na wa hela, ila visivyojulikana vitatu, so majibu yanakuwa mengi. Tafuta sharti la tatu kwenye swali, mfano "C ni sawa na B", mara nyingi limefichwa kwenye sentensi ya mwisho.