Somo: Kupanga kiangazi cha kuvua kwa inzi bandia, maziwa ya Minnesota

Ndugu zangu wa Minneapolis na St. Paul, kila mwezi wa tano mnaniuliza twende ziwa gani. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 10,000. Ukichagua kwa jina utamaliza petroli bure. Chagua samaki, kisha mfuate kwa joto la maji.

Hatua ya 1. Nunua kipimajoto cha bei ndogo, kifunge kamba, kitumbukize, andika nyuzi na tarehe daftarini. Leseni mpya huanza tarehe 1 Machi, na mkazi wa miaka 16 kwenda juu lazima awe nayo. Kwa mgeni wa uvuvi huu: inzi wa manyoya hana uzito, kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Ndiyo maana namba ya mshipi, yaani kipimo cha uzito wake, lazima ilingane na ya ufito.

Hatua ya 2. Msimu ukifunguliwa katikati ya Mei, anza na paiki (northern pike), samaki mrefu anayewinda samaki wengine. Maji yakiwa nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, anakaa kwenye ghuba zenye kina kifupi. Ufito namba 8, inzi mrefu wa sentimita 15, na kipande cha waya mbele ya ndoano kwa sababu ya meno yake. Yakipita nyuzi 21, mwache hadi Septemba. Nilimvua mmoja Julai, nikamrudisha majini akiogelea vizuri. Nusu saa baadaye nikamkuta anaelea tumbo juu. Tangu siku hiyo sina paiki wa Julai.

Hatua ya 3. Juni ni ya blugili (bluegill), samaki mdogo bapa, na hapa msiwe na haraka. Maji yakifika kama nyuzi 20, dume huchimba kiota cha duara mchangani, karibu na ufuko, mfano wa sahani iliyofutwa vumbi. Viota hukaa vingi pamoja. Vaa miwani ya kuzuia mng'ao, simama mbali, tua inzi mdogo wa sponji pembeni ya kiota na umwache atulie mpaka viwimbi viishe. Kisha mtikise mara moja. Utasikia kama mtu anabusu maji, inzi ametoweka. Ufito namba 4 unapinda hadi mkononi kwa samaki wa kiganja kimoja!

Madume wakubwa warudisheni. Ndio wanaolinda mayai, na wakiisha, ziwa linabaki na vidogo vinavyokomaa mapema. Kikomo cha jimbo ni 20 kwa siku, lakini maziwa kadhaa yamewekewa 10 au 5, kwa hiyo someni kanuni za ziwa lenu.

Hatua ya 4. Julai, samaki aitwaye besi mdomo mdogo (smallmouth bass) wa ziwa Mille Lacs, kwenye miamba. Kina kikubwa cha ziwa lile ni kama mita 13 tu, upepo ukivuma mawimbi husimama haraka, nendeni alfajiri. Agosti, ndugu yake besi mdomo mkubwa (largemouth bass) kwenye kingo za magugu ya ziwa Minnetonka, kabla jua halijapanda.

Maswali ya wanachama

Shikamoo kaka. Nina ufito mmoja, namba 5. Nisubiri nipate mwingine?

Marahaba. Usisubiri, Juni yote ni yako. Paiki tu ndiye umwache: utapigana naye muda mrefu mno, achoke afe.

Sina boti. Nifanyeje?

Gati la kuvulia la Lake Nokomis linatosha. Ila usirushe mshipi nyuma, watu wanapita na watoto. Jifunze kuuviringisha mbele juu ya maji.

Kayaki yangu naipeleka maziwa mawili kwa siku moja. Kuna ubaya?

Kabla hujaondoka ziwa la kwanza, toa majani yote na umwage maji, ni sheria. Kome pundamilia (zebra mussel), kome wavamizi wenye milia, wakiwa wachanga hawaonekani kwa macho, wanasafiri kwenye maji kidogo tu yaliyobaki chini. Mimi ziwa la pili huliacha hadi kayaki ikauke siku tano.