SOMO: Kufufua deskitopu ya zamani kwa hela kidogo (soma kabla ya kunitumia meseji)

Wakuu, salaam. Naandika hili ili nikiulizwa tena "PC yangu ni nzito, ninunue nini?" nitume somo hili na kuendelea na kazi mezani. Nazungumzia zile deskitopu za ofisini zilizotumika, Dell OptiPlex na HP zenye prosesa za Intel za kizazi cha pili hadi cha nne, ambazo hapa Dodoma utazikuta kila kona, kuanzia steshenari za Majengo hadi vyumba vya wanafunzi wa UDOM. Mashine hizi si za kutupa. Kasha, pawa saplai, skrini, kibodi na mara nyingi hata prosesa vinabaki vilevile. Hela yako iende sehemu mbili: SSD (diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka) kwanza, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) baadaye. Kadi ya picha (graphics card) ni ya mwisho kabisa, na wengi hamuihitaji.

Bei siandiki kwa sababu hazitulii. Ulizia maduka mawili matatu mjini, halafu linganisha na Kariakoo ukijumlisha nauli ya kifurushi kwenye basi.

Hatua ya 1. Jua ulichonacho. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, angalia matumizi ya diski na RAM. Diski ikikaa asilimia 100 hujafungua chochote, tatizo ni hadi diski (hard disk), yaani ile diski ya zamani inayozunguka. RAM ikijaa kwa kazi zako za kila siku, RAM ni ndogo. Andika modeli ya mashine na jina kamili la prosesa.

Hatua ya 2. Hamishia nyaraka zako kwenye diski ya nje. Usiruke.

Hatua ya 3. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi kabla ya kushika kifaa chochote. Hewa yetu ya kipupwe ni kavu mno, na umeme tuli unaosikia ukivua sweta unatosha kuua RAM.

Hatua ya 4. Toa vumbi kwa blowa na brashi laini. Shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Ikiwa kipoza joto cha prosesa hakijawahi kufunguliwa, kifungue, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka, paka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Hatua ya 5. Kufunga SSD na kuweka Windows. Hapa tusimame. Chomeka SSD kwenye tundu lililoandikwa SATA0 kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine). Ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijawaka), angalia hali ya diski, yaani namna bodi inavyowasiliana nayo: Dell nyingi za zama hizo huja zikiwa "RAID On". Weka hali ya AHCI SASA, kabla ya Windows. Ukiibadilisha baada ya kuweka Windows, utakutana na skrini ya bluu na mashine haitaingia.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: CHOMOA HADI DISKI YA ZAMANI KABISA WAKATI UNAWEKA WINDOWS. Mimi hili liliwahi kuniharibia kazi ya mteja. Ukiziacha diski zote mbili, Windows yenyewe itakaa kwenye SSD, lakini mafaili ya kuwashia yanaweza kubaki kwenye diski ya zamani, kwa kuwa programu ya kusakinisha imekuta sehemu ya kuwashia iko tayari pale. Mashine itawaka vizuri, utafurahi, utalipwa. Siku hadi diski ile ya zamani ikifa au ikichomolewa, mashine itakuambia hakuna kifaa cha kuwashia, ilhali SSD ni nzima. Kuna hatari ya pili: diski zote mbili zikiwepo, kwenye orodha utaona "Drive 0" na "Drive 1", na kidole kikikosea unafuta picha za harusi ya mtu. Ikichomolewa, haiwezi kufutwa.

Kunakili Windows ya zamani kwenda SSD sipendekezi. Windows ya miaka minne imebeba uchafu, na SSD ya GB 240 ni ndogo kuliko diski ya GB 500 unayonakili, kwa hiyo lazima kwanza uanze kupunguza sehemu. Weka upya, biti 64. Kama ya awali ilikuwa na leseni ya kidijitali, imefungamana na mazabodi. Ukiweka toleo lilelile, itajithibitisha ukiunga intaneti.

Hatua ya 6. Mambo yakikaa sawa, zima, rudisha hadi diski ya zamani iwe ghala la nyaraka. Matundu yakiwa yamekwisha, tumia waya wa kisoma CD. Nani bado anachoma CD?

Hatua ya 7. RAM. Vizazi hivi ni DDR3 ya deskitopu, si ya laptopu, na si ile ya seva inayoandikwa "Registered". Nunua vipande viwili vinavyolingana kuliko kimoja kikubwa, uviweke kwenye sloti za rangi moja vifanye kazi kwa njia mbili kwa pamoja (dual channel). Kwa mashine ya Intel, epuka kipande chenye maandishi "AMD" au "for AMD". Bei yake ni ya chini kwa sababu kwenye bodi za Intel hakikubali.

Hatua ya 8. Pawa saplai iache kama inafanya kazi. OptiPlex 9020, kwa mfano, ina plagi kuu ya pini 8 ya Dell yenyewe, si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo ya dukani haiingii bila kiunganishi.

Maswali karibuni, ila soma kwanza.

---

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu PC yangu nzito sana, nibadilishe nini?

Jibu: Hatua ya 1. Ukimaliza niletee modeli, RAM na hali ya diski.

Mdau wa Nkuhungu: Ni Dell nyeusi.

Jibu: Rangi hainisaidii. Modeli imeandikwa usoni mwa kasha.

Mwanafunzi, Chimwaga: Shikamoo fundi. Nina OptiPlex 790 yenye prosesa ya i3-2120. Rafiki kanipa i5-3470 bure, na soketi (kiti cha prosesa kwenye bodi) naona ni ileile ya LGA1155. Nifunge? Pia naomba kujua kwa nini SSD inabadilisha mambo kiasi hicho wakati prosesa ni ileile.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Usiifunge. Soketi ni ileile, lakini 790 inatumia chipseti (chipu inayoongoza bodi) ya Q65, ambayo haikubali kizazi cha tatu kama hiyo 3470. Tafuta i5-2400, au i7-2600 ukiipata kwa bei nzuri. Hiyo 3470 muuzie au badilishana na mwenye OptiPlex 7010. Ukifika kubadilisha, kumbuka pini ziko kwenye soketi ya bodi, si kwenye prosesa. Ishushe wima, usiiburuze. Pini moja ikipinda, bodi ndiyo imeharibika.

Kuhusu SSD: hadi diski inazunguka mara 7200 kwa dakika, na kichwa chake kinatembea kutafuta kila kipande cha data. Kila utafutaji unakula takriban milisekunde 12. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na prosesa inakaa tu ikisubiri. SSD haina kinachozunguka. Inajibu chini ya milisekunde moja. Ndiyo maana hata ukiichomeka kwenye tundu la zamani la SATA la kasi ya 3Gb/s bado utaona tofauti kubwa.

Mdau wa Area C: Nimefuata somo lako, nimenunua RAM ya 8GB, mashine haiwaki, inapiga mlio tu. Umenitia hasara.

Jibu: Kibandiko chake kimeandikwaje?

Mdau wa Area C: DDR3 1600 for AMD.

Jibu: Hatua ya 7. Somo halikukutuma ununue hiyo. Irudishe leo kabla risiti haijachakaa, na uende na mashine yenyewe mkajaribu palepale dukani.

Mdau wa Kisasa: Windows 10 si imeshafungwa?

Jibu: Msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo hizi hazimo. Kwa kuandika, kuchapa na kuperuzi, jaribu Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) kwa flashi kabla ya kuisakinisha. Inakwenda vizuri na RAM ya 4GB.

Mdau wa Kibaigwa: Niongezee la umeme. Wenye UPS (kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), msichomeke printa ya leza kwenye matundu ya betri. Ikipasha moto inavuta umeme mwingi ghafla na UPS inazimika na kila kitu.

Jibu: Ahsante mkuu, kweli kabisa. Printa iwe na tundu lake ukutani.

Mama steshenari, Mpwapwa: Mwanangu, yangu umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma, halafu tovuti zote zinagoma, zinasema si salama. Nimeambiwa ninunue mazabodi.

Jibu: Mama, shikamoo. Usinunue bodi. Ni betri ndogo ya mviringo iliyoko kwenye bodi, CR2032, imekwisha. Tarehe ikikosewa, kivinjari kinaona vyeti vya tovuti havijaanza kutumika au vimepitwa, kinakataa. Inauzwa hata maduka ya saa. Ila kabla ya kuitoa, ingia BIOS upige picha za kurasa zote kwa simu, hasa ule wa diski. Betri ikitoka mipangilio inarudi ya kiwandani, na kama mashine ilikuwa AHCI itarudi RAID On, uje uone skrini ya bluu udhani umeharibu. Ikikutokea, rudisha AHCI kama picha inavyoonyesha, itaingia.