Somo: Namna ya kuandaa jalada la kuomba kupanda cheo kwa mwalimu wa taaluma za afya

Wengi tunaofundisha udaktari, uuguzi, famasia na kadhalika tunakwama palepale. Kazi tumefanya miaka, lakini ombi la cheo linasomeka kama ratiba ya vipindi. Mjumbe wa kamati ana majalada mengi mezani, na pengine ni mtu wa maabara ambaye hajawahi kusimamia mtihani wa vituo, ule ambao mwanafunzi hupita kituo kwa kituo akionesha ustadi wake. Machapisho anajua kuyahesabu. Ufundishaji wako hajui aanzie wapi, mpaka umwoneshe.

Hatua ya 1. Soma kanuni za taasisi yako kwanza. Kuna vyuo vyenye njia inayojitegemea ya kupanda cheo kwa kazi ya ualimu, vingine havina. Ukiomba kupitia njia isiyo yako, mengine yote ni jasho la bure.

Hatua ya 2. Gawa kazi zako. Mwaka 2006, mkutano ulioitishwa chini ya AAMC, muungano wa vyuo vya udaktari vya Marekani, ulikubaliana mafungu 5: ufundishaji, mitaala, ulezi wa wanafunzi, uongozi wa elimu, na upimaji. Usiyajaze yote. Beba mawili au matatu uliyoyafanya kweli, yaliyobaki yakae kwenye wasifu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kwa kila fungu onesha wingi, ubora, na namna kazi yako ilivyojengwa juu ya kazi za wengine, kisha nani ameichukua. Tuseme umeandika hivi:

"Nimefundisha uchunguzi wa mgonjwa, mwaka wa 3."

Kweli tupu, ila haimwambii mtu kitu. Linganisha na hii:

"Katika mtihani wa vituo niliona wanafunzi wengi wanaruka kugonga kifua. Nikaandaa mazoezi ya wiki 6 na orodha ya kukagulia. Wasahihishaji 2 waliitumia kwa wanafunzi walewale, tukalinganisha alama. Idara ya uuguzi sasa inaitumia (barua, kiambatisho 4)."

Darasa ni lilelile, ila sasa lina tatizo, mbinu na shahidi.

Kipimo kizuri ni vigezo 6 vya kupima kazi ya usomi walivyoandika Glassick na wenzake, 1997: malengo wazi, maandalizi, mbinu zinazofaa, matokeo yenye maana, uwasilishaji mzuri, na kujikosoa. Hicho cha mwisho watu hukikwepa. Taja kilichoshindikana na ulivyokirekebisha; jalada lisilo na kosa hata moja hunitia shaka mimi.

Hatua ya 4. Andika maelezo binafsi mwishoni, baada ya kuona ushahidi wako unaelekea wapi. Ukurasa mmoja unatosha, au miwili ikibidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina makala 3 tu. Nisubiri?

Jibu: Inategemea kanuni zenu. Tangu Ernest Boyer, msomi wa elimu wa Marekani, alipoandika mwaka 1990, ufundishaji nao umehesabiwa kuwa usomi, sambamba na ugunduzi, uunganishaji na utumizi wa maarifa. Ila usomi huo lazima uwe hadharani, wenzako waukague. Kama una somo lililokamilika, lipeleke MedEdPORTAL, jarida la mtandaoni la AAMC linalochapisha masomo ya kufundishia. Pale hupitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa.

Swali: Mwaka mmoja wanafunzi walinipa alama mbovu. Niuondoe huo mwaka?

Jibu: Usithubutu. Pengo linaonekana kuliko alama zenyewe. Weka miaka yote mfululizo, eleza ulichobadilisha, na uambatanishe ripoti ya mwenzako aliyekaa darasani kwako akakuangalia.

Swali: Dokta, mimi ni muuguzi mkufunzi. Nafundisha kando ya kitanda, hakuna ratiba wala karatasi. Nithibitishe vipi?

Jibu: Dada, anza daftari leo: tarehe, idadi ya wanafunzi, ustadi uliofundisha. Mwisho wa kila zamu ya mafunzo wape fomu fupi isiyo na majina, na msimamizi wa wodi asaini daftari kila mwezi. Ya nyuma omba barua kwa uliowalea, hasa ambao sasa na wao wanafundisha.