Kuvuka Mchanga hadi Lindisfarne, Northumberland

Kisiwa hiki cha Uingereza, ambako Mtakatifu Aidan alianzisha nyumba ya watawa mwaka 635, hufikika kwa barabara au kwa miguu mchangani, kama kilomita 5, ukifuata safu ya nguzo. Njia ya mchangani ndiyo yenye ladha, ila haina mzaha.

Anza na ratiba ya maji kujaa na kupwa ya halmashauri ya Northumberland. Hapa ndipo wengi huteleza: saa za usalama zilizoandikwa ni za magari barabarani, wala si za mtembeaji. Wewe ingia maji yakiwa yanakupwa, kama saa 2 kabla ya kupwa kabisa, ili ufike ng'ambo kabla hayajaanza kujaa. Upepo mkali huweza kuyaleta mapema. Ukungu ukishuka, ahirisha.

Usiache nguzo; pembeni kuna tope linalonasa mguu. Viatu vyepesi hung'oka, kwa hiyo wengi huenda pekupeku, na taulo begini. Maji yakikuwahi, panda kibanda cha kujiokoa, piga namba ya dharura 999, uombe walinzi wa pwani.

Kisiwani, tangulia kwenye magofu ya nyumba ya watawa, ngome baadaye. Kurudi, tumia barabara.